Ukienda ng'ambo kujitolea kwa watoto maskini, kaa upande wa watu wazima

Mwongozo huu nimemwandikia kijana anayejiandaa kwenda nchi nyingine kujitolea mahali penye watoto maskini, iwe shule, zahanati au kambi ya wakimbizi. Kazi hiyo nimeifanya nikiwa na umri ambao mama yangu alikuwa bado ananikumbusha kubeba sweta, kwa hiyo usitegemee hekima ya mzee. Nina jambo moja tu la kukuambia: mtoto hawi maskini peke yake. Umaskini wake ni wa mama yake, wa bibi anayemlea, wa mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa. Anayetaka kumfaa mtoto huyo ajifunze kufanya kazi na hawa, tena chini yao. Najua sivyo ulivyojiwazia ulipokuwa unajaza fomu.

Kabla hujakata tiketi

Shirika linalokupokea bila kuuliza unajua kufanya nini, lakini linauliza mapema utalipa lini, liache. Lililo makini litakudai hati ya polisi ya mwenendo mwema na watu wawili watatu wa kukushuhudia, na litakutumia sera yake ya ulinzi wa mtoto uisome na kuitia saini ukiwa bado nyumbani. Mimi nilipodaiwa hati ya polisi nilifurahi kuliko nilivyofurahi kukubaliwa, kwa sababu ilinionyesha kwamba walionitangulia walidaiwa pia.

Nawe uwe na maswali yako, na uyaulize kwa maandishi. Kazi hii ilifanywa na nani kabla yangu? Nani ataiendeleza nikiondoka? Nitaripoti kwa nani? Halafu lile ambalo wengi huona aibu kuliuliza: je, hapo hapo hakuna mtu ambaye angeajiriwa kuifanya? Ukienda kujenga ukuta wa darasa bure mahali ambapo mafundi wamekaa vijiweni bila kazi, umemnyima ujira baba fulani, na baba huyo ana watoto, tena ndio walewale uliowafuata. Kuna mashirika yatakayokwepa swali hili kwa maneno matamu kuhusu moyo wa kujitolea. Kukwepa nako ni jibu.

Uliza pia ubalozini kama viza ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea. Zipo nchi ambako hairuhusu, hata kama hulipwi senti.

Kuhusu fomu yenyewe, palipoandikwa "kwa nini unataka kuja" andika ukweli. Niliandika kwamba nataka kujifunza, na kwamba naweza kuchapa haraka, kutengeneza majedwali na kutafsiri. Sikuandika kwamba nawapenda watoto. Hakuna anayeandika kwamba anawachukia.

Makao ya yatima: kataa

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo vijana wengi wenye nia njema wanapoteleza. Matangazo mengi utakayoyaona yatakuwa ya makao ya watoto yatima: njoo uwakumbatie, uwafundishe nyimbo, uwasomee vitabu. Kataa, hata kama picha ni nzuri na mratibu ni mcha Mungu.

Sababu ya kwanza ni kwamba wengi wa watoto hao si yatima. Mwaka 2009 Save the Children walikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mzazi ameambiwa kwamba huko mtoto atakula na kusoma, naye nyumbani hana uwezo wa kumpa vyote viwili. Kinachomtoa mtoto kwao si kifo, ni ukata. Huko Nepal, wakati wa vita vya 1996 hadi 2006, madalali walipita vijiji vya milimani wakiwatoza wazazi fedha ili wawapeleke watoto wao shule nzuri Kathmandu. Wengi waliishia kwenye makao, wakiwa na karatasi zinazosema wazazi wao wamekufa. Cambodia nako idadi ya makao iliongezeka kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, na takriban robo tatu ya watoto waliokuwemo walikuwa na mzazi hai. Hiyo ilikuwa miaka ya amani, na ndiyo miaka ambayo watalii walikuwa wakimiminika. Palipo na wageni wanaolipa ili wawaone yatima, yatima hupatikana.

Sababu ya pili inamhusu mtoto mwenyewe. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao ya Bucharest, Romania, walioingizwa kwenye utafiti wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 31. Nusu yao walipelekwa kwa kura kwenye familia za kambo, yaani familia zinazomlea mtoto asiye wao, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya makao. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliopelekwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Mtoto anahitaji mtu yuleyule, leo na kesho na mwakani. Sasa mfikirie mtoto ambaye kila mwezi anapata dada mpya na kaka mpya kutoka ng'ambo, anawazoea, halafu wanapanda gari wanakwenda zao. Yule anayemrukia mgeni shingoni dakika ya kwanza si kwamba ana upendo wa ajabu. Kwa watoto waliolelewa kwenye makao, wataalamu huihesabu tabia hiyo kuwa dalili ya kukosa mlezi wa kudumu.

Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto ambalo, pamoja na mengine, linazitaka nchi kuzuia madhara ya utalii na kazi za kujitolea kwenye makao ya yatima. Mtu akikuambia haya ni maneno ya wakosoaji wa mitandaoni, mpe tarehe hiyo.

Na kama roho yako iko kwa watoto wasio na malezi? Tafuta shirika linalowarudisha watoto kwenye familia zao au linalosaidia familia za kambo, uombe kazi ya ofisini. Wana mafaili mengi kuliko watu.

Omba jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatizo ni kwamba wenyeji wa mjitoleaji wa kigeni wana adabu mno, na jembe hawakupi. Watakupa kiti, watakupa watoto wakuimbie. Usiposema wewe, wiki zitapita ukiimbiwa. Siku ya tatu mwendee anayekusimamia, umwambie: nipe ile kazi ambayo hakuna anayeipenda.

Shuleni nilikopelekwa, mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo asiyepoteza maneno. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, walimu wa wiki tatu tumewachoka," kisha akanionyesha rundo la madaftari ya mahudhurio niyaingize kwenye kompyuta. Kazi ya kuumiza macho. Lakini yale madaftari ndiyo yaliyonifundisha umaskini wa watoto kuliko kitu chochote nilichokisoma kabla yake, na ningekuwa naimba nisingeyaona.

Kulikuwa na msichana wa darasa la nne aliyekosekana kila Jumanne. Muhula mzima, kisha muhula uliofuata. Kulikuwa na kaka na mdogo wake ambao hawakuwahi kuhudhuria pamoja siku ileile: akiwepo huyu, yule hayupo. Kulikuwa na wavulana waliotoweka pamoja wiki za mavuno na kurudi pamoja. Nilimpelekea mwalimu wa darasa jedwali langu kwa fahari kidogo. Hakulitazama hata. Yule wa Jumanne, alisema, mama yake siku hiyo hufua nguo za watu na kuna mtoto mchanga nyumbani. Wale ndugu wana sare moja. Alikuwa anayajua yote kichwani. Jedwali lilikuja kumfaa baadaye, alipohitaji kuwaonyesha maofisa wa elimu kwa takwimu kile alichokuwa akiwaambia kwa mdomo miaka yote bila kusikilizwa. Hiyo ndiyo kazi ya mjitoleaji, usitafute kubwa zaidi.

Na Jumanne? Mwalimu alimwambia msichana aje na mtoto. Alikuwa analazwa kwenye mkeka nyuma ya darasa. Akilia, somo linaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nisingeweza kuwaza suluhisho hilo kwa sababu nilikuwa nawaza mradi, bajeti na barua ya kuomba ufadhili.

Ukipewa madaftari, rejista ya kliniki au orodha ya ghala, yasome hivyo: nani hayupo, lini, na siku hiyo kunatokea nini nyumbani kwake. Kisha muulize mtu mzima, usimhoji mtoto. Kumuuliza mtoto mbele ya wenzake kwa nini hana viatu ni kumvua nguo hadharani.

Utakutana na takwimu za umaskini, kwa hiyo ujue zinapimwaje. Benki ya Dunia hutumia mstari wa fedha: tangu Juni 2025 aliye chini ya dola 3 kwa siku, kwa thamani iliyolinganishwa kati ya nchi na nchi, anahesabiwa kuwa kwenye umaskini uliokithiri. Kwa mstari wa zamani wa dola 2.15, UNICEF na Benki ya Dunia zilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 333 walikuwa chini yake, karibu mtoto mmoja kati ya sita. Kipo kipimo kingine, kilichoanzishwa 2010 na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambacho hakiulizi kipato kabisa. Kinaangalia mambo kumi ya kaya: lishe, vifo vya watoto, miaka ya masomo, kama watoto wanahudhuria shule, nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na mali. Madaftari yangu yalikubaliana na hiki cha pili. Ile sare moja haionekani kwenye dola tatu.

Mtoto anapokukimbilia

Watakukimbilia, hilo halina ujanja. Salimia, cheka, cheza mpira uwanjani mbele ya watu. Lakini usijifungie na mtoto mahali, usimpeleke chumbani kwako, usimbebe kwa sababu tu amenyoosha mikono, usimpe namba yako ya simu. Kanuni ni kwamba mtu mzima mwingine awe anakuona. Wajitoleaji wengine huona kanuni hiyo inawashuku bure. Inamlinda mtoto dhidi ya yule mmoja mbaya ambaye naye ana uso mzuri kama wako, na inakulinda wewe pia.

Ipo siku mtoto anaweza kukuambia jambo zito: anapigwa, anashikwashikwa, hajala tangu jana. Sikiliza mpaka amalize. Usimwahidi kwamba utaitunza siri, kwa sababu hutaweza. Usimchimbe maswali, kwa kuwa maswali ya asiye na mafunzo yanaweza kuharibu ushahidi na kumuumiza upya. Mwambie amefanya vizuri kusema. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, weka tarehe na saa, na siku hiyohiyo mpelekee mtu aliyetajwa kwenye sera ya ulinzi wa mtoto. Kama hujui mtu huyo ni nani, basi sera hukuisoma, irudie leo. Usimwendee mzazi wala mtuhumiwa mwenyewe.

Usikisie umri kwa kimo. Aliyekosa lishe ya kutosha tangu tumboni hadi miaka miwili, tena akawa anaugua ugua, hudumaa, na unayemdhania ana miaka sita anaweza kuwa na tisa. Ongea naye kama wa tisa.

Wakikupangia kliniki utauona utepe wa rangi wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo kijani. Wahudumu wa afya ndio wanaopima, wewe shika kalamu. Katika nchi kadhaa, Niger ikiwemo, akina mama wenyewe wamefundishwa kupima watoto wao nyumbani, na wanaweza. Nafikiri hakuna habari nzuri kuliko hiyo katika kazi hii yote. Mgeni anamwona mtoto mara moja kwa mwezi, mama anaushika ule mkono kila asubuhi akimvika.

Zawadi na picha

Usigawe chochote kwa mkono wako. Pipi kumi kwa watoto arobaini ni ugomvi, na kalamu anayopewa aliyeko karibu nawe inamfundisha kwamba kusogea karibu na mgeni kunalipa kuliko kukaa darasani. Ulivyobeba vikabidhi ofisini viandikwe kwenye daftari la ghala, mwalimu agawe anavyojua. Kabla ya kubeba, uliza kinachohitajika. Sisi tulikuwa na kabati zima la vitabu vya hadithi vya lugha ambayo hakuna mtoto hata mmoja aliyeisoma.

Kuhusu picha, kwa ufupi: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 16, unampa mtoto haki ya faragha, na umaskini haumwondolei. Omba ruhusa ya mlezi, umweleze picha itakwenda wapi, mwonyeshe uliyoipiga, na akisema futa, futa mbele yake. Usichapishe jina, wala sare yenye nembo ya shule inayomwonyesha kila mtu mahali pa kumpata. Mtu akiniuliza aipime vipi picha, humwambia afikirie ni mpwa wake, na aliyepiga ni mgeni asiyejua hata jina la mtaa.

Kuondoka, na fedha

Sema tarehe yako ya kuondoka siku ya kwanza, uikumbushe kila wiki. Usiseme utarudi. Mafaili yote yaache kwenye kompyuta ya ofisi, na mtu mmoja wa hapo awe ameyafungua na kuyajaza mwenyewe ukiwa umekaa pembeni, kimya. Mimi nilimwachia karani jedwali la mahudhurio, na kabla sijaondoka alikuwa ameshafuta safu mbili nilizozipenda kwa sababu hazikuwa na kazi.

Ukirudi nyumbani watu watataka habari za kuhuzunisha, kisha watakuuliza watume wapi fedha. Habari za kuhuzunisha usiwape. Waambie habari za Jumanne na mkeka. Swali la fedha lijibu kwa uzito. Njia iliyofanyiwa uchunguzi wa kina ni kuwapa walezi fedha taslimu. Mexico ilianza mwaka 1997, ikiwalipa akina mama kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki, na walioandikishwa shule waliongezeka, hasa wasichana wa sekondari. Afrika Kusini ina ruzuku ya malezi ya mtoto tangu 1998, Brazil ilianza mpango wake wa kuzipa familia fedha, Bolsa Família, 2003. Wapo wanaosema ukimpa maskini fedha atazinywa. Waulize wao mshahara wao huufanyia nini. Mimi huwaelekeza watu kwenye mashirika yanayotoa fedha kwa kaya au yanayolipa walimu na wahudumu wa hapohapo, na huwashauri waachane na mipango ya kumchagua mtoto mmoja kwa picha. Yule ambaye hakuchaguliwa anakaa dawati hilohilo.

Halafu simu yako italia. Mzazi fulani ameipata namba yako, ada imekwama au mtoto anaumwa. Huenda ni kweli kabisa. Usitume kwa mtu binafsi na usinyamaze pia: mjibu kwa heshima, mwambie utawasiliana na mwalimu mkuu, kisha ufanye hivyo siku hiyo. Ukiwa na cha kutoa, kiingie kwenye akaunti ya shule kwa ajili ya darasa zima, mwalimu mkuu aamue anayehitaji zaidi, na uombe risiti.